Mshipa wa baba umevimba baada ya homa: ni taifodi, ni ngiri, au ni kitu kingine?

*"Daktari, shikamoo. Naandika kutoka Makorora, Tanga. Baba ana miaka 64, ana sukari na presha, na sigara ameacha mwaka jana tu. Kwa miezi mitatu anaumwa homa za kuja na kuondoka. Amepimwa Widal mara tatu, kila mara anaambiwa taifodi, anapewa sipro, anapata nafuu wiki mbili, halafu homa inarudi. Sasa mgongo unamuuma mpaka usiku halali, na amekonda. Alipolazwa alipigwa ultrasaundi, ikaonekana mshipa mkuu wa damu tumboni umevimba, sentimita 4.1. Damu iliyooteshwa imetoa Salmonela. Anachomwa seftriaksoni, homa imetulia, na tumepewa rufaa ya Dar es Salaam kwa siti skani na daktari wa upasuaji wa mishipa. Nyumbani tumegawanyika. Shangazi anasema mshipa ni mshipa, kuna mzee Pangani anachua. Baba mdogo amesoma kwenye simu kwamba chini ya sentimita 5.5 mtu hapasuliwi, anasubiri. Shemeji ameona neno 'maikotiki' kwenye karatasi ya rufaa, akanunua dawa za fangasi. Baba mwenyewe anasema homa imeisha, amepona, hataki kisu. Je, hii ni taifodi iliyokomaa? Dawa peke yake haitoshi? Kumsafirisha kwa basi kuna hatari? Na sisi tunaoishi naye tupimwe?"*

Marahaba, mwanangu. Nianze na lile lisiloweza kungoja: rufaa hiyo ni ya sasa, siyo ya mwezi ujao baada ya kikao cha familia. Na shangazi, kwa heshima zote, asiruhusu mkono wa mtu yeyote kukanda tumbo wala mgongo wa mzee. Hayo mawili yakieleweka, mengine tunaweza kuzungumza taratibu.

Lugha yetu ya Pwani imetuponza kidogo hapa. Kwetu "mshipa" ni vitu vingi. Mtu mwenye ngiri anaumwa mshipa, mwenye busha ana mshipa, aliyekaza shingo kwa kulala vibaya mshipa umemkamata. Simlaumu shangazi, amesikia neno alilolijua tangu utotoni akalipeleka kwa mtu anayemjua. Lakini mshipa uliovimba kwa baba yako ni aota, mshipa mkuu unaotoka kwenye moyo, ukapinda juu, ukateremka mbele ya uti wa mgongo mpaka karibu na usawa wa kitovu, ndipo unapogawanyika mara mbili kwenda miguuni. Tumboni upana wake wa kawaida ni kama sentimita 2. Kila pigo la moyo linasukuma damu humo kwa nguvu. Kwa kuwa umeegemea uti wa mgongo, ukiumwa mara nyingi maumivu husikika mgongoni, na mgonjwa na daktari wote wawili wanaweza kudanganyika. Nilipokuwa daktari mchanga nilimtibu mzee mmoja mgongo kwa majuma mawili, nikimwongezea dawa za maumivu kila anaporudi, mpaka siku niliyoweka kiganja juu ya kitovu chake nikahisi kitu kinadunda. Tangu hapo, mzee mwenye homa na mgongo simwachi bila kumlaza chali nikamshika tumbo.

Sasa taifodi. Kipimo cha Widal kimepewa jina la daktari Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896, na hapa nchini bado kinatumika kila kona. Hakitafuti mdudu. Kinatafuta askari ambao mwili umewahi kuwatengeneza dhidi ya mdudu. Askari hao hubaki kwenye damu muda mrefu baada ya ugonjwa kwisha, hufanana na wale wa Salmonela nyingine, na hata malaria inaweza kukifanya kipimo kiseme ndiyo pasipo na taifodi. Kwa hiyo Widal tatu zinazosema ndiyo hazithibitishi kwamba baba yako ameugua taifodi mara tatu. Kipimo kilichosema kweli ni cha kuotesha damu, kwa sababu pale mdudu mwenyewe amekamatwa akiwa hai. Tena ni bahati kwamba ameota, maana kwa mtu aliyemeza sipro mara kwa mara, chupa ya damu mara nyingi hurudi tupu huku ugonjwa ukiendelea ndani.

Salmonela ni ukoo mkubwa wenye aina zaidi ya 2,500. Aina ya Typhi ndiyo huleta taifodi, ile homa ya matumbo tunayoijua. Nyingine nyingi, kwa mtu mwenye afya, huishia kuharisha siku chache. Lakini kwa Afrika kusini mwa Sahara hizi nyingine zina tabia ya kuingia kwenye damu, hasa kwa watoto wenye malaria au utapiamlo na kwa watu wazima ambao kinga yao imeshuka. Wala hatuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano. Katika hospitali ya Teule, Muheza, watafiti walifuatilia watoto waliolazwa kati ya 2006 na 2010, wakaona kadiri malaria ilivyopungua ndivyo na bakteria wa aina hii kwenye damu walivyopungua. Malaria huvunja chembe nyekundu za damu, na mabaki yake hulegeza zile chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kuwala hawa bakteria. Muulizeni daktari jibu la maabara linataja aina gani. Kwa umri wa baba yako na jinsi ugonjwa ulivyokwenda, dau langu ni kwamba siyo Typhi. Taifodi nayo huharibu mishipa, ila kwa njia nyingine: mara nyingi katika wiki ya pili au ya tatu hutia vidonda kwenye utumbo, vidonda vikafika kwenye mishipa midogo, mgonjwa akaharisha damu, au utumbo ukatoboka. Kuota kwenye aota ni tabia inayojulikana zaidi kwa hao binamu zake.

Kwa nini aota ya baba na siyo ya kwako? Ukuta wa ndani wa mshipa wenye afya ni laini kama kigae kilichopakwa rangi ya kung'aa; bakteria wanapita na damu bila kupata pa kushika. Miaka ya sukari, presha na sigara hukwaruza ukuta huo. Mafuta na chokaa hujibandika, panakuwa na nyufa na kingo. Salmonela ana kipaji kibaya cha kushika mahali kama hapo. Ndiyo maana mtu mzima aliyevuka miaka 50, akiwa na Salmonela kwenye damu na mishipa iliyochakaa, sisi hatusemi "ni homa tu". Tafiti za hospitali za nje zilikuta kwamba katika kundi hilo, kuanzia mmoja katika kumi hadi mmoja katika wanne walikuwa na maambukizi ndani ya mshipa au kwenye moyo. Kwa mtoto wa miaka mitatu mwenye bakteria yule yule, jambo hili ni adimu sana.

Akishashika, anazaliana ndani ya ukuta. Mwili unatuma askari, na askari wanapopigana humwaga vimeng'enya vinavyoyeyusha bakteria pamoja na nyuzi zinazoupa mshipa uimara wa kunyumbuka. Ukuta unaliwa upande mmoja. Presha ya damu inapiga pale pale, na pale palipolika panatoka nundu. Huo ndio anyurizimu, na ndio sababu homa ilikuwa inarudi: sipro iliwaua waliokuwa wakiogelea kwenye damu, lakini waliokaa ndani ya ukuta na kwenye damu iliyoganda hawakufikiwa vya kutosha. Dawa ikiisha, wanatoka tena.

Na hapa ndipo penye jibu la baba mwenyewe. Homa imeisha, ni kweli, na ni habari njema. Lakini nyumba ikiliwa na mchwa kwenye kenchi, ukipuliza dawa mchwa wanakufa. Kenchi lililokwisha kuliwa halirudi kuwa zima, na bati bado liko juu yake. Seftriaksoni inaua mchwa. Haijengi ukuta.

Neno "maikotiki" limewapotosha wengi, siyo shemeji peke yake. Lilianza na daktari William Osler mwaka 1885, aliyeeleza mishipa iliyovimba kwa maambukizi akaona vinundu vilivyoota humo vinafanana na uyoga mbichi. Jina likaganda, ingawa karibu kila mara kisababishi ni bakteria. Mzee hana fangasi kwenye mshipa. Flukonazoli, hiyo dawa ya fangasi, haitamsaidia, na inagongana na dawa nyingine kadhaa, zikiwemo baadhi za sukari. Asimeze.

Baba mdogo naye amesoma kitu cha kweli, ila kinahusu ugonjwa mwingine. Kuna anyurizimu ya uzee, inayotanua mshipa mzima pande zote, polepole, kwa miaka. Hiyo kwa mwanamume ndiyo inayofuatiliwa kwa ultrasaundi mpaka ikaribie sentimita 5.5. Iliyoliwa na bakteria haina kipimo cha kungojea. Inaweza kuwa sentimita 4 leo na 6 baada ya wiki chache, na inaweza kupasuka ikiwa ndogo. Tanga ni mji wa baiskeli, kwa hiyo nitasema hivi: tairi lililochakaa lote unaweza kuliendesha kwa uangalifu mpaka mwisho wa mwezi, lakini tairi lililolika mahali pamoja, tyubu ikachungulia kama jipu, hakuna fundi wa Ngamiani atakayekuuliza jipu lina sentimita ngapi. Atakuambia shuka. Tena kadiri nundu inavyopanuka ndivyo ukuta wake unavyovutwa kwa nguvu zaidi ingawa presha ya damu ni ile ile, basi kila siku inayopita inaongeza mzigo kwenye ukuta unaozidi kuwa mwembamba.

Je, dawa peke yake? Nitakuwa mkweli. Wapo wagonjwa waliotibiwa kwa dawa tu wakaishi, hasa wale ambao hali yao haikuruhusu upasuaji. Lakini kwa walio wengi dawa peke yake haitoshi, na mshipa ukipasuka nje ya chumba cha upasuaji, wanaofika hospitali wakiwa hai ni wachache. Dawa ni nusu ya tiba, na ni nusu ndefu: kwa kawaida sindano za mshipani kwa majuma sita au zaidi, kisha vidonge kwa miezi, kwa wengine maisha yote. Kwa hiyo msikubali seftriaksoni ikatizwe njiani kwa sababu ya safari. Ulizeni dozi ya mwisho imechomwa saa ngapi, iandikwe, na ya kufuata ichomwe kwa wakati wake popote atakapokuwa.

Kuhusu sipro, kuna jambo ambalo maduka yetu ya dawa hayalisemi. Mwishoni mwa 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba dawa za kundi la sipro zinahusishwa na kupasuka au kuchanika kwa aota, ikashauri watu wenye anyurizimu wasipewe kama kuna dawa nyingine ya kufaa. Sisemi sipro ndiyo iliyomvimbisha baba. Bakteria wanatosha kueleza kila kitu. Wala sisemi ni mwiko, kwani wakati mwingine ndiyo kidonge pekee kinachomuua Salmonela wa mgonjwa fulani. Ninachosema ni kwamba uamuzi huo afanye daktari mwenye jibu la maabara mkononi, siyo sisi kwa kununua dukani homa ikipanda.

Upasuaji wenyewe una sura mbili. Ya kwanza ni ya wazi: tumbo linafunguliwa, damu inafungwa kwa muda juu na chini ya nundu, sehemu iliyooza inakatwa na kusafishwa mpaka kwenye ukuta mzima, kisha bomba jipya linashonwa. Linaweza kuwa la kitambaa maalumu, wakati mwingine kilicholowekwa kwenye dawa, au la mshipa wa mguu wa mgonjwa mwenyewe. Mara nyingi daktari huvuta lile shela la mafuta linaloning'inia ndani ya tumbo akalizungushia bomba jipya, maana lina damu nyingi na hupigana vizuri na bakteria. Pale palipooza sana, bomba hupitishwa njia nyingine kabisa, kutoka kwenye mshipa wa kwapani kwenda kinenani chini ya ngozi, ili damu ifike miguuni bila kupita kwenye uchafu. Ni operesheni kubwa. Figo zinaweza kugoma, moyo unaweza kuzidiwa, bomba jipya linaweza kuambukizwa, na wapo wanaofia mezani. Nisingependa mumpeleke mzee mkidhani ni kama kutoa ngiri.

Ya pili ni kuingiza bomba lililokunjwa kupitia mshipa wa kinenani, likafunguliwa ndani ya nundu ili damu isiguse ukuta mbovu. Haichoshi mwili kama ile ya kwanza, ila uchafu unabaki pale pale nje ya bomba, na dawa ndiyo inayobeba mzigo wote. Zamani tuliiona kama daraja la kuvukia tu. Utafiti mmoja wa hospitali kadhaa za Ulaya, uliotoka 2014 na kuhusisha wagonjwa 123, ulionyesha kwamba karibu tisa katika kumi walikuwa hai baada ya mwezi, na zaidi kidogo ya nusu baada ya miaka mitano. Na humo humo kulikuwa na faraja ndogo kwenu: waliokuwa na Salmonela hawakuwa wale waliofanya vibaya zaidi. Ipi imfae baba, hilo siwezi kulijua nikiwa huku bila picha. Siti skani yenye dawa ya rangi ndiyo itakayoonyesha nundu iko juu au chini ya mishipa ya figo, ina umbo gani, na kama tayari kuna damu inayovuja pembeni.

Kabla ya hiyo dawa ya rangi apimwe kreatinini kuona figo zake, na kama anameza metformini kwa ajili ya sukari awaambie. Kwa sababu hiyo hiyo ya figo, mgongo usitulizwe kwa diklofenaki wala dawa za jamii yake. Zinapandisha na presha pia. Paracetamoli inaanza, na ikishindwa hospitali wana dawa kali zaidi za kumtuliza. Presha yake ishikwe vizuri, asibebe ndoo, asijikamue chooni; akifunga choo apewe cha kulainisha. Ombeni pia apimwe virusi vya UKIMWI, na msikasirike daktari akilitaja. Salmonela anayerudi rudi kwenye damu ni moja ya alama zinazotufanya tuulize, na jibu linabadilisha tiba.

Safari. Kutoka Tanga hadi Dar es Salaam kwa njia ya Segera na Chalinze ni kama kilomita 350, saa tano au sita kukiwa hakuna foleni. Mtikisiko wa basi peke yake sidhani ndio utakaopasua mshipa. Kinachonitisha ni kwamba ikitokea kati ya Segera na Chalinze, kwenye basi hakuna wa kumshika presha, hakuna njia ya mshipani iliyo wazi, na dereva ana abiria wengine hamsini. Aende kwa gari la wagonjwa, akiwa na muuguzi, amelala. Hospitali ya huko ipigiwe simu kabla hajaondoka ili daktari wa mishipa ajue anakuja, maana kufika mapokezi Ijumaa jioni na karatasi mkononi ni kupoteza siku tatu. Bebeni jibu la kuotesha damu lenye orodha ya dawa zinazomuua huyo bakteria, CD au picha za ultrasaundi, orodha ya dawa zake zote, na ndugu wawili walio tayari kutoa damu.

Msingoje gari la kupanga, wala kesho, yakitokea haya: maumivu makali ya ghafla tumboni, mgongoni au ubavuni, jasho la baridi, kizunguzungu au kuzimia, kutapika damu, choo cheusi kama lami, au mguu mmoja kuwa baridi, mweupe na wenye maumivu. Damu kidogo inayotoka na kukata yenyewe isiwape moyo. Nundu ikigusa utumbo huwa inapiga hodi hivyo, kwa damu kidogo, saa au siku chache kabla ya ile kubwa. Hapo nendeni hospitali iliyo karibu, hata kama siyo ile ya kwenye rufaa.

Kuhusu baba kukataa kisu: msimzidi nguvu kwa wingi wa watu. Mwili ni wake. Wazee wengi wa rika lake niliowaona wakikataa walikuwa hawajaelezwa, walikuwa wameagizwa. Muombeni daktari wa wodini akae naye nusu saa, mtu mmoja wa familia tu akiwepo, amchoree mshipa kwenye karatasi. Kwenda Dar kwa picha siyo kukubali kupasuliwa. Atakwenda, ataiona picha yake, atasikia hatari za pande zote mbili kutoka kwa atakayeshika kisu, kisha aamue. Akikataa hata baada ya hapo, atibiwe kwa dawa kwa nguvu zote na picha zirudiwe, na hatakuwa mgonjwa aliyetupwa. Ningekuwa mimi, mwenye miaka 64 na homa iliyotulia, ningekwenda mapema, wakati nguvu bado zipo.

Ninyi wa nyumbani hamhitaji Widal. Mtapewa majibu ya kuwatia hofu bure. Kama hakuna anayeumwa, osheni mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kupika, kuku na mayai yaive sawasawa, basi. Mwenye homa ya siku kadhaa aende apimwe malaria, na ikiwa siyo malaria aombe damu ioteshwe kabla ya kumeza dawa yoyote. Na shemeji aende na hizo flukonazoli dukani, pengine wanapokea.